Mawe Matatu Ndani ya Jiko Jipya

Nikinunua tokeni za stima siku hizi, zinakaa mpaka nasahau nilizinunua lini. Mwezi uliopita msichana wa ofisi moja ya nishati alikuja kukagua nyumba za wadi yetu. Alisimama mbele ya mita yangu, akabonyeza vitufe, kisha akanigeukia amefurahi kweli.

"Mzee, hii nyumba yako ni moto! Sijaona nyumba inatumia stima kidogo hivi huku Rongai yote. Siri ni gani?"

"Niko peke yangu," nikamwambia.

Alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Alikagua balbu, akapiga picha bomba la moshi linalotokea kwenye paa la jikoni, akainua kifuniko cha kikapu cha kupikia na kukuta ndani blanketi kavu na mende mmoja. Hakusema kitu juu ya mende. Alisema anataka kuleta wageni, akina mama wa vikundi kutoka Njoro na Subukia, na wakubwa fulani wa Nairobi wanaoandika sera ya nishati ya majumbani. Waje wajionee kwamba mtu wa kawaida wa mashambani anaweza kuishi bila kuharibu kuni wala stima.

"Lakini mama awepo," akasema. "Aongee yeye mwenyewe. Hao akina mama hawataamini mwanaume akiwaambia jiko ni zuri."

"Mama yuko Naivasha."

"Si atakuja tu? Ni siku moja, mzee."

"Nitamuuliza."

Neno hilo lilikuwa geni mdomoni mwangu. Katika ndoa yetu yote nilikuwa nimemwambia mke wangu mambo mengi sana. Kumuuliza, nilikuwa nimemuuliza machache, na lile nililopaswa kumuuliza kuliko yote ndilo lililomfanya yeye awe Naivasha na mimi niwe hapa.

Nilifanya kazi ya stoo ya nafaka pale Rongai mpaka nikastaafu. Nilikuwa mtu wa mizani na magunia, na nyumbani nilikuwa mtu wa kurudi jioni. Nilipostaafu nikagundua kwamba nyumba yangu mchana ilikuwa na shughuli zake na haikunihitaji. Nikikaa sebuleni nilikuwa katika njia ya mfagio. Nikikaa nje kuku walinizoea. Kwa hiyo chifu alipotafuta watu wa kwenda Nakuru kufunzwa mambo ya nishati ya nyumbani, nilienda mbio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naweza kusoma vijitabu na kuvieleza, wakanifanya mhamasishaji wa wadi. Walinipa kofia ya kijani. Nikiwa mkweli, ile kofia niliipenda kuliko nilivyopenda misitu.

Na nilifanya kazi ile vizuri. Katika baraza, baada ya ibada, siku ya soko, nilisimama na kueleza. Kausha kuni kabla ya kuwasha, zipasue nyembamba, funika sufuria, loweka maharagwe usiku. Githeri ichemke kidogo tu, kisha ifunike ndani ya kikapu chenye blanketi iendelee kuiva yenyewe wakati wewe unalima. Zima balbu ukitoka. Niliwaambia stima yetu nyingine inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Naivasha, chini ya miguu yetu wenyewe, na kwamba si haki kuiacha ikiwaka juu ya meza isiyo na mtu. Niliwaambia juu ya msitu wa Mau ulivyokuwa na ulivyo sasa. Watu walinisikiliza.

Siku moja, kwenye kiwanja cha kanisa, mama mmoja mnene aliyekuwa ameketi mbele aliinua mkono.

"Mzee, wewe ushawahi songa ugali ikaiva?"

"Mama, mimi nimeoa," nikajibu.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Alingoja kicheko kipungue, akasema, "Basi huyo umeoa ndiye angekuja kutufunza. Wewe ungebaki nyumbani ukiangalia sufuria isiungue."

Nami nilicheka. Nilidhani ametania.

Jikoni kwetu ni nyumba ndogo ya mbao kando ya nyumba kubwa. Mke wangu alipikia humo kwenye mafiga, mawe matatu, tangu siku ya pili ya ndoa yetu. Moshi ulikuwa umepaka kuta rangi ya lami. Alikuwa na kikohozi kilichokuja asubuhi na kuondoka saa nne, tukakizoea wote kama jogoo. Miaka mingi kabla ya mimi kupewa kofia, aliwahi kuniambia, "Ninunulie hata ile meko ndogo ya gesi. Nichemshe chai tu, nisiwashe moto wote kwa sababu ya kikombe kimoja." Nilimwambia gesi ni ya watu wa mjini, italipuka ituchome, na kuni tunapata bure. Kuni zilikuwa bure kwangu. Yeye ndiye aliyezibeba.

Kisha nikarudi kutoka Nakuru na habari kwamba moshi unaumiza mapafu. Nilimweleza jambo hilo kwa kirefu, nikiwa na kijitabu mkononi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa sababu ndani moshi ulikuwa unanitoa machozi. Yeye alikuwa ndani, ameinama, anapuliza moto. Nilipomaliza alisema, "Sawa," akaniambia nisogee nisimzibie mwanga.

Wadi ilitaka nyumba za mfano, watu wawe na mahali pa kwenda kuona. Nilijitolea yetu. Jiko lenyewe lilikuwa la matofali, na shimo la kuni lililo jembamba, na bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Wakati huo binti yetu, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, alijifungua, na mama yake akaenda kumuuguza. Nikaona Mungu amenipa nafasi. Nitajenga akiwa hayupo, arudi akute jiko jipya, afurahi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba siku ya wageni ilikuwa imeshapangwa, na sikutaka mtu wa kunipinga.

Lazima nieleze kuhusu yale mawe. Kwetu, mwanamke akiolewa, mama wa mume ndiye humletea mawe ya jiko. Mama yangu aliyatoa mtoni Molo, akayabeba mgongoni moja moja kwa kamba ya kichwani, na wakati huo mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Aliyapanga mwenyewe, akaleta makaa ya moto kutoka jikoni kwake, akamwashia mke wangu moto wa kwanza. Kuanzia hapo yakawa ya mke wangu. Mwanamume hayasogezi. Ukisikia mtu ametoa mawe ya mkewe jikoni, unajua amemfukuza. Tumeokoka, tunaenda kanisani, na hayo mambo hatuyazungumzi sana, lakini hakuna asiyeyajua.

Mimi niliyajua. Fundi alipoanza kazi niliyatoa nje, nikayaweka kando ya ukuta, nikijiambia nitayapa heshima mahali fulani. Halafu siku ya kumwaga zege la chini, kokoto ikapungua. Mkokoteni wa punda uliokuwa ulete nyingine haukuja. Fundi alisema tungoje kesho. Nilikuwa na haraka. Nikaangalia yale mawe.

"Gonga hayo," nikamwambia.

Fundi aliyaangalia, akayajua mara moja kwa vile yalivyokuwa na masizi upande mmoja. "Haya ni ya mama?"

"Ni mawe tu."

"Mimi hapana, mzee. Hata kwetu hayo hayaguswi. Tungoje tu huyo wa punda."

"Nyinyi vijana mnaogopa mawe, na ndiyo maana Afrika hatuendelei," nikasema. Nakumbuka maneno hayo yote, na laiti ningeweza kuyasahau. Nilichukua nyundo mwenyewe. Yalikuwa magumu. La mwisho lilinichukua muda mrefu mpaka mikono ikafa ganzi, na fundi alikuwa amekwenda kusimama karibu na boma la ng'ombe, amenipa mgongo. Kisha tukayachanganya na simiti.

Mke wangu alirudi siku mbili kabla ya wageni. Alipita moja kwa moja hadi jikoni hata kabla ya kutua mkoba. Nilimfuata, nikisubiri.

"Umefanya kazi," akasema. Aligusa matofali. Aliangalia bomba mpaka juu. Kisha aliangalia chini, kila pembe, akatoka, akazunguka nyumba, akarudi.

"Mawe yako wapi?"

"Yako humo ndani," nikasema, nikaonyesha jiko. "Yameshikilia jiko lenyewe. Bado ni yako, si unaona?"

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno hayo na kuyaona ya busara. Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Jiko lilifanya kazi vizuri, hilo sitaficha. Moshi ulipanda juu, kuni zikawa nusu ya zile za zamani. Wageni walikuja, wakapiga makofi, mke wangu akawapikia chai na kuwajibu kwa upole kila walichouliza. Juma lililofuata alifunga begi dogo. "Huyu msichana wetu anarudi kazini kwa maua," akasema. "Mtoto anataka mtu." Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipanda gari, akanipungia mkono. Ndiyo hiyo safari ambayo hajarudi. Mtoto sasa anatembea, anakimbia, anaongea.

Hatukugombana. Hakuna mzee wa kanisa aliyeitwa. Watu wakiniuliza nasema amekwenda kulea mjukuu, na ni kweli. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu, akauliza kama nimekula, kama ng'ombe mweupe amezaa. Nilijibu, naye akasema haya. Nyumba ilinyamaza kidogo kidogo. Kwanza nilizima friji, kwa sababu kikombe cha maziwa hakihitaji friji. Kisha nikaacha kuwasha taa ya sebuleni, kwa kuwa nilikuwa nakula chumbani. Kikapu cha kupikia nacho ni cha githeri ya watu wengi, si cha mtu mmoja. Kwa hiyo msichana wa ofisi aliposema siri ni gani, alikuwa anaangalia hesabu ya chakula nisichopika na taa ambazo hakuna wa kuwashiwa.

Jioni ile nilimpigia mke wangu. Nilimweleza juu ya wageni, nikasema itakuwa vizuri akija.

Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, kisha akanyamazishwa.

"Unaniita mimi," akauliza, "ama unaita mpishi wa wageni?"

Nilisema mtandao ni mbaya, simsikii. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nikakata.

Nililala vibaya, na asubuhi nikavaa koti, nikaacha kofia ya kijani kwenye msumari, nikaenda Naivasha. Sikuwahi kufika kwa binti yangu tangu ajifungue. Anakodi chumba kimoja kwenye ploti ndefu, milango imefuatana, nguo zimeanikwa katikati. Niliuliza mlango kwa mlango mpaka nikasikia sauti ya mke wangu ndani akimwimbia mtoto. Nilisimama nje kidogo. Kulikuwa na kitu kinakosekana katika sauti ile na sikujua ni nini, mpaka nilipobisha. Kilikuwa kikohozi.

"Ni wewe," akasema. "Ingia, usisimame mlangoni."

Kwenye kona, juu ya kibao, kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi na sufuria juu yake. Ile meko. Alikuwa anakaanga kitunguu. Alipunguza moto kwa vidole viwili, bila kuangalia, kama mtu aliyezoea. Mjukuu alijificha nyuma ya pazia la kitanda akinichungulia.

"Huyo ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni guka, babu yako. Yule wa balbu," mke wangu akasema, na nikaona anazuia kicheko. "Ukiacha taa atakuchapa."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Kupitia mlango, mbali, juu ya vilima, mvuke mweupe ulikuwa unapanda.

"Ule ndio mvuke wako," akasema. "Ule wewe ulikuwa unahubiri. Nauona kila asubuhi. Nikiuona nasema, yule mzee amezima stima na kuingia kitandani."

"Umepona kikohozi," nikasema.

"Kilienda mwezi wa kwanza tu."

"Nilidhani ulikasirikia jiko. Nilidhani ulitaka moshi wako."

Aligeuka na mwiko mkononi. "Moshi? Nani anapenda moshi? Mimi ndiye nilikuomba gesi, ukasema nitachoma nyumba. Kama ungeniambia tunaleta jiko jipya, hayo mawe ningeyatoa mimi mwenyewe. Ningeyaweka pale kando ya mtungi wa maji, niyakalie nikifua. Mama yako aliyabeba na mguu mgonjwa. Siku ile aliniambia, 'Hapa hakuna mtu atakuamulia.' Ukayapiga nyundo."

Sikuwa na kijitabu. "Nilikosa," nikasema. "Fundi alinikataza, nikayavunja mwenyewe. Nimekuja kukuambia hivyo, si kwa sababu ya wageni."

Kitunguu kilikuwa kinaanza kuungua. Alizima gesi.

"Umekula?" akauliza.

Tulikula. Wakati wa kuondoka alisema atakuja siku moja kuangalia, si siku ya wageni, na nisimwandalie kitu.

Nilimpigia msichana wa ofisi, nikamwambia nyumba yangu si ya mfano tena. Alisikitika, akaniomba basi nije niongee na wageni ukumbini Nakuru. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya wale wakubwa na wale akina mama, nikawaambia kwamba kabla ya kuandika jiko gani liingie nyumba ya watu, wamuulize anayeinama mbele yake, na wamuulize mume akiwa ametoka nje. Nikawaambia nilivyofanya mimi. Mmoja wa wakubwa aliangalia saa, akasema asante kwa ushuhuda, sasa tuendelee na programu. Lakini mama mmoja wa Subukia alinifuata nje penye chai. "Mzee," akasema, "na amerudi?" Nikamwambia bado. Akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Mke wangu alikuja katikati ya juma, asubuhi, peke yake, amevaa sweta ya binti yetu. Aliingia jikoni, akasimama.

"Vunja," akasema.

"Nimwite fundi?"

"Kwani ulivunja na fundi?"

Nilichukua nyundo ileile. Yeye aliketi kwenye kigoda mlangoni, pale nilipokuwa nikisimama nikimhubiria. Mimi ni mzee kuliko nilivyokuwa, na jiko nilikuwa nimelijenga kwa nguvu. Matofali yalitoka, bomba likatoka, nikafika kwenye zege. Liliponipasukia nikaona vipande vya mawe ya mtoni ndani yake, rangi ya samawati iliyofifia, vingine bado vina masizi upande mmoja. Alileta karai. Nilivichomoa, yeye akavipokea, akavisugua simiti kwa msumari na kuvisuuza. Wakati mmoja alisema, "Pumzika, utaanguka," na nikapumzika.

Jua lilipoanza kuingia upande wa Molo, karai lilikuwa limejaa. Alichagua kipande kimoja kinachoenea kiganjani, akakifunga kwenye kona ya leso. Kisha akatembea ndani ya jikoni tupu, akapima ukuta kwa mikono.

"Hapa nataka dirisha," akasema. "Na gesi hapa, meko ya kuni iwe ndogo pale nje, ya githeri. Na kile kikapu chako ni kizuri, hicho kibaki. Lakini wewe usiweke kitu. Nitaweka mimi."

"Lini?"

"Huyu mtoto aanze shule kwanza. Nitakuambia."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, kama mara ile. Alipanda gari, akakaa upande wa dirisha, na leso mapajani.

Sasa nachemsha chai nje kwa jiko la makaa, chini ya upenu wa paa, nikiegemea ukuta mvua ikinyesha. Jikoni nafagia kila asubuhi. Anayeuza gesi pale senta ananiita nikipita, "Mzee, chukua mtungi, nakuwekea mpaka ndani," namwambia angoje, mwenyewe hajafika. Jumapili bado ananipigia. Juma lililopita mimi ndiye niliyepiga, siku isiyo ya Jumapili, nikamuuliza dirisha litakuwa la upana gani. Akasema atafikiria. Karai la vipande liko nje, pale paa linapodondosha maji. Mvua ikilijaza namwaga maji, na vipande naviacha vilivyo.